Kitundu cha Pampu ya Maji

Kaka yangu mtaani wanamwita Kobe. Fundi magari gani huyo, nati moja asubuhi nzima? Lakini mtazame mkono wa kulia: ngozi imekunjamana mpaka kwenye kiwiko. Akiwa bado anajifunza kazi alifungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ingali moto. Tangu siku hiyo hakimbizani na injini.

Basi siku ile haraka tulikuwa nayo sisi. Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari mgeni aliyekuwa akiwapasua watu hospitali ya ng'ambo ya milima alikuwa anafunga kazi saa nane mchana, kisha anaondoka. Basi lilishatuacha. Lililobaki ni gari la mume wangu, kuukuu kuliko ndoa yetu, na analipenda kuliko ndoa yetu.

Tukapanda wanne, mama, mume wangu, Kobe na mimi. Kilima cha kwanza tu, mvuke ukafumuka kwenye boneti. Mume wangu akavua shati, akalizungushia mkononi, akaunyoosha kwenye kifuniko cha rejeta.

"Thubutu!" Kobe akamdaka. "Shemeji, unataka tufanane?"

"Mama atamkosa daktari!"

"Atamkosa na mkwe."

Kisha akakaa chini. Jamani, akakaa! Nikamwambia, "Kobe, mama akirudi na giza lake, utanitambua." Yeye anaitazama injini tu kama anachunga ng'ombe.

"Kuna kitu kinadondoka," mama akasema kutoka ndani ya gari. "Mbele huko."

Kobe akaingia uvunguni na tochi. Alipotoka, macho yalikuwa kwa mume wangu.

"Nani kaziba kitundu cha pampu ya maji kwa gundi?"

"Si kilikuwa kinavuja? Nikakiziba, kikanyamaza."

"Kimewekwa kivuje, shemeji! Sili ya ndani, ule mpira unaozuia maji, ikichoka, maji yatokee hapo uyaone. Wewe umeyaziba, yamejipenyeza kwenye beringi inayoizungusha pampu. Beringi ikifa, hatuendi popote."

Akaishika feni, iliyofungwa mhimili mmoja na pampu, akaitikisa. Feni haikucheza.

"Beringi bado nzima," akasema, akaanza kuichokonoa gundi kwa waya.

Injini ilipopoa akaiwasha, akajaza maji niliyoomba nyumba ya karibu, kidogo kidogo. Kifuniko akakibana nusu tu, presha isiyasukume maji nje kwa kile kitundu. Usukani akaushika mwenyewe. Mume wangu, mwenye gari, alipakata madumu ya maji kiti cha nyuma. Kila mshale wa joto ulipopanda, Kobe alisimama, akangoja, akaongeza. Mimi nilikuwa nimeng'ata kitambaa cha kichwani nisimtukane.

Tulifika nesi ameshika kitasa cha mlango. Mama alikuwa wa mwisho kuingia.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, mama alipepesa, akazungusha macho chumbani, yakatua kwa Kobe.

"We mtoto! Mvi zote hizo umeziota lini?"

"Jana, mama," Kobe akasema. "Njiani."