Mpangaji Anayefuga Ukungu

Mpangaji wangu wa chumba cha uani, hapa Ibighi, hunawa mikono kwa spiriti mpaka vidole vimepauka. Alipofika na koti lake la mtumba aliniambia taratibu, "Bibi, mimi nafuga ukungu." Nikamcheka, "Fungua dirisha basi, Tukuyu nzima umejaa!" Kumbe si huu wa mlimani, ni ule wa mkate uliolala, na wake huishi ndani ya majani ya mikoko aliyoyachuma pwani. Kila asubuhi hufunua visahani alimopanda ukungu pamoja na vijidudu vya usaha, huguna, "Bado." Majani yakaisha, kikabaki kisahani kimoja, na chuo chake kimeshamwandikia: akikosa dawa ya vijidudu hivyo, utafiti ufungwe. Jana nikasikia, "Bibi, njoo uone!" Nikaona vijidudu vimetanda kama utando wa maziwa, ila kuuzunguka ukungu pana duara tupu, safi kama kioo. "Vimeogopa kusogea?" "Vimekufa! Ukungu umetoa dawa!" Sikusoma, lakini macho ninayo. Nikapiga vigelegele. Jirani Tusekile akachungulia uani: "Mwe! Nani kajifungua?" Nikamwonyesha mpangaji, anacheka huku analia. "Huyu hapa."