Mipira Isiyofika Golini

Nilimwonea wivu kipa mwenzangu, tena wivu wa kunikosesha usingizi, simung'unyi maneno. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, tulikuwa makipa wawili wa timu moja. Mimi nilidaka kipindi cha kwanza, yeye cha pili. Timu ya wilaya ilikuwa inakwenda kucheza Shinyanga, na kwetu ilitaka kipa mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeshajiona ndani ya lori.

Kocha wetu alikuwa bwana shamba, mtu aliyezoea kuhesabu vitumba vya pamba mche kwa mche. Akatuletea hesabu zake uwanjani. Alikaa nyuma ya goli na makopo mawili, langu na la mwenzangu. Kipa akidaka shuti, alimdondoshea mbegu ya pamba kwenye kopo lake. Mwenye mbegu nyingi ndiye angekwenda.

Basi mimi nilikuwa na mdomo. Tangu filimbi ya kwanza niliwafokea mabeki: rudi, kaba, mbane huyo! Mashuti hayakunifikia. Mwenzangu alikuwa bubu golini. Mabeki walewale wakazubaa, mipira ikamiminika, naye akaruka huku na huku kama jogoo anayefukuzwa, wanawake wakimpigia vigelegele. Alifungwa kuliko mimi, lakini mabao hayakuwa na kopo. Kila mbegu ilipolia ndani ya kopo lake, roho iliniuma.

Nikamfuata bwana shamba. "Mzee, na mipira niliyoizuia isifike je?"

"Ng'wanawane, mwanangu," akanijibu kwa upole, "mpira ambao haukufika nitauhesabuje?"

Akachaguliwa mwenzangu. Sikuweza hata kumpa mkono. Ndipo bwana shamba akanishika bega, akasema timu ya wilaya imepungukiwa beki, na kwa vile najua kupanga mabeki, niende nikacheze beki mbele ya goli la huyohuyo. Nikaenda, kwa sababu Shinyanga niliitaka kuliko nilivyomchukia.

Siku ya mechi huko Shinyanga nilikaba mpaka miguu ikawaka moto, sauti ikanikauka kwa kufoka. Hakuna shuti la maana lililomfikia. Alisimama golini mikono kiunoni. Kule hawakujali kipa kadaka mangapi. Walitazama kafungwa mangapi, na yeye hakufungwa hata moja. Filimbi ya mwisho ilipolia watu wakavamia uwanja, wakanisukuma pembeni wapate nafasi ya kumbeba.