Mtoto Aliyefika Manono Bila Sura

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kalemie, wakati vita vilipojaza watu kambi ya wakimbizi ya Katanika. Kwa umri wangu huu, niongope ili nipate nini?

Nilikuwa natunza hifadhidata ya watoto waliopotezana na jamaa zao. Ndani yake niliweka amri moja: ukiiita, inakuletea orodha ya watoto pamoja na picha. Biro ya Manono, yaani ofisi ya wenzetu kule, ilitaka kuiita kupitia intaneti. Nikaifungulia njia, lakini njia ile ilipitisha maandishi na namba tu, picha iliikataa. Mwenzangu, Mama Feza, akasema picha hugeuzwa herufi, ikapita kama maandishi, na kule ikarudishwa kuwa picha. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya juma zima. Nikaziacha picha, nikapeleka majina.

Nami nilijua kwamba watoto wadogo walipewa majina mapya na watu waliowaokota.

Siku moja nimetoka kuswali adhuhuri, nikamkuta mwanamke ameketi kitini mbele ya meza yangu, kitenge chake kimejaa udongo. Hakunisalimu.

“Papa, mutoto wangu amefika Manono bila sura. Bibi yake anamutafuta, hamuoni.”

Nikamwuliza ni mtoto yupi.

“Ule wa kovu juu ya jicho. Munamuita Riziki. Mimi sikumuita vile.”

Nikafungua ukurasa wa Riziki. Kovu lilikuwepo. Chini ya picha nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: mama amezikwa njiani. Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mama Feza, aliyekaa mlangoni muda wote, hakuona mtu akiingia wala kutoka. Niamini.

Kazi ya juma zima niliimaliza kwa siku mbili. Picha zikapita. Manono wakajibu kwamba bibi mmoja alikuwa akija kila Jumatatu kumtafuta mjukuu mwenye kovu kama lile, anasomewa majina, anarudi nyumbani. Mtoto hakuwa na ndugu mwingine. Na bibi huyo walikuwa wamemzika Ijumaa iliyopita.

Riziki amekulia kwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu kila alfajiri. Lakini huniuliza mama yake alimwita nani. Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza yule mwanamke, nikashughulika na mashine.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, njia ikikataa kitu, usikiache nyuma. Keti ukigeuze mpaka kipite, siku hiyohiyo. Upande wa pili kuna mtu anangoja, na muda wake huujui.