Majani ya Fundi Yaliyotupwa Jalalani

Mungu anisamehe, mimi si mtu wa hasira, lakini jambo alilofanyiwa Fundi bado limenikaa kooni.

Fundi ni mume wa jirani yangu msusi. Alikuwa akitengeneza redio mpaka kiharusi kilipompata. Mkono na mguu wa kulia vikalala, ulimi ukagoma. Tangu hapo anashinda kwenye kiti sebuleni, macho kwenye tangi la samaki aliloliunda mwenyewe enzi za uzima wake. Upande wa nyuma wa tangi ulijaa majani marefu, membamba kama utepe, yakipanda kutoka mchangani hadi juu ya maji. Samaki walipita mbele yake kama mbele ya pazia.

Majani yale hayana makuu. Hayaombi mbolea wala taa kali, mwanga wa dirishani unayatosha. Mzizi hutambaa kwenye mchanga, ukachomoza mtoto pembeni, na mtoto naye akazaa wake. Msusi kazi yake ilikuwa kuyapunguza ncha yakizidi urefu, basi. Wateja aliwasukia hapohapo sebuleni, huku akimtupia mumewe maneno: "Baba watoto, huyu kaniletea nywele tatu anataka misuko thelathini." Fundi akacheka kwa bega. Nimemwona kwa macho yangu. Wanaosema akili zimemtoka hawajakaa naye.

Akaja binti yao mkubwa, mfanyakazi wa ofisini, kuwasalimia. Sina ubaya naye, nimembeba mgongoni huyo. Lakini hata kiti hakijapata joto, akaanza.

"Mama, mnafuga mbu humu ndani?"

"Mbu watoke wapi na samaki wamo? Hayo ni majani ya baba yako."

"Baba mwenyewe hata hajui kilichomo."

Alisema hivyo mzee amekaa palepale, goti kwa goti naye.

Kesho yake msusi akaitwa kusuka nyumbani kwa mteja. Kurudi, majani yameng'olewa yote na kutupwa jalalani, mchanga umeoshwa kwa sabuni ya unga, samaki wako ndooni, na ndani ya kioo yamesimama maua mekundu ya plastiki.

"Umeona palivyong'aa, Mama?"

Msusi akatia mkono ndani ya tangi. Samaki aliwaacha ndooni, maana mchanga ulikuwa bado unatoa povu. Fundi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Uji hakuugusa. Asubuhi pia akafunga midomo, kijiko kikarudi kilivyokwenda.

"Ni ugonjwa tu, atakula akisikia njaa," binti akasema, juu ya kichwa cha babake, kama anayezungumzia kabati.

Mimi nilikuwa nimekuja kumwombea. Nilimaliza sala, nikamtazama yule mzee, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Nikashindwa kunyamaza.

"Shoga, huyu hajaugua. Huyu amedhulumiwa."

Msusi akachukua beseni, akatoka. Nikapandisha gauni nikamfuata jalalani. Majani ya juu yalikuwa yamekauka kama nyasi za paa, lakini chini, penye maganda mabichi, tukapata machache bado ya kijani, mizizi yake myeupe. Tukarudi, tukasuuza mchanga mpaka povu likakoma, tukajaza maji safi. Maua ya plastiki msusi aliyaweka mapajani mwa binti yake.

"Utapamba kwako."

Akaanza kupanda. Alipochomeka mche wa kwanza, Fundi akagonga mkono wa kiti.

"Amechoka, tumlaze," binti akasema.

Akagonga tena, akaelekeza kidole kwenye kioo, kisha akakipandisha juu, polepole.

"Juu?" msusi akauliza. "Niuvute juu?"

Akaitikia kwa kichwa. Msusi alikuwa amefukia na shingo ya mche, pale majani yanapokutana na mizizi, nayo ikizikwa huoza. Akauvuta kidogo, shingo ikabaki nje ya mchanga. Kidole kikashuka.

Binti akayaweka maua chini. "Kumbe anaelewa?"

"Tangu lini haelewi?" msusi akasema. " Wewe ndiye hukumuuliza."

Nilitamani aombe radhi kwa sauti, nami nisikie. Hakuomba. Ila alivuta kigoda mpaka miguuni pa babake, akakunja mikono ya blauzi, akauchukua mche uliofuata mikononi mwa mama yake.

"Baba, huu tuuweke wapi?"