Mama anayefuta njia yake mwenyewe

Mayai yanagongana taratibu ndani ya sufuria, ko, ko, ko, gizani. Ni saa kumi na moja kasoro alfajiri, umeme haujarudi, na Evodie Numbi hajawasha hata mshumaa. Mlio ukianza kuwa mzito, anajua yameiva.

Anayaopoa kwa kunyata ili asimwamshe binti yake Chancelle, mwenye miaka saba. Kazi bure. Chancelle amekaa kitandani, viatu tayari mguuni. Leo atapanda kilimani kwa mara ya kwanza.

Evodie, mwenye umri wa miaka 34, huwaongoza watu wa Kalemie kila Jumamosi hadi bonde la Kisanji, kwenye vilima vya kusini mwa mji. Ni walimu, wauguzi, wanakwaya, watu ambao wiki nzima wanaona vumbi na biro tu. Kila mmoja hulipa faranga elfu kumi, chai na yai humo humo. Mvua ikishika, mwezi mzima hupita bila mgeni hata mmoja.

Safari ya leo ina uzito wake. Kati ya wageni yumo Papa Élysée, chifu wa kijiji chenye bonde hilo. Wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, wamemwomba awaachie msitu. Miaka miwili iliyopita alimwambia Evodie: "Nitakuja mwenyewe. Nikiiona ile njia yako, bonde nawapa wao. Musitu wenye barabara umekwisha kuliwa."

Hiyo njia ndiyo inayomkosesha Evodie usingizi.

Zamani alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akivuka vilima kwa miguu kufuata wavuvi wa upande wa Zongwe. Hapo ndipo alipolijua bonde. Alipoanza kuleta wageni, mama mmoja alichanikiwa kitenge kipya na miiba.

"Nilimuhurumia sana," anasema. "Nikasema, hapana, wageni wangu hawataumia tena."

Akachukua panga. Wiki tatu alifyeka, akasawazisha udongo, akaondoa mawe moja moja. "Nilijisifu, mimi. Nikasema sasa hata bibi wa miaka themanini anapita."

Bibi hakupita. Zilipita baiskeli. Katika vilima hivi makala hushuka mjini kwa baiskeli, magunia matatu nyuma, mtu akisukuma kwa kuegemeza bega. Pasipopita gurudumu hakuna anayejisumbua kuchoma. Kabla kiangazi hakijaisha, miti zaidi ya sitini ilikuwa imelala chini, na kijito kikawa chembamba hata akina mama wa kijijini wakaanza kugombania zamu ya ndoo.

"Nilikaa juu ya kisiki nikalia," anasema Evodie, akimfunga Chancelle kamba ya kiatu. "Mulango niliufungua kwa mikono yangu."

Hawatukani wachoma makala. Mayai ya leo yamechemka kwa makala, kama chakula cha nyumba zote za jirani. Anachoomba ni bonde hilo moja, lenye maji.

Mmoja wa wachomaji hao, Caleb, leo anabeba kikapu cha chakula. Alikuja kumsaidia Evodie baada ya mke wake kurudi kutoka kijitoni na ndoo tupu mara tatu.

"Mama Evodie," anamtania wakiwa wanapanda, "weye njo ulinitengenezea barabara, kisha ukanifungia. Serikali gani hiyo?"

"Chunga kikapu, Caleb. Mayai yakivunjika, utakula maganda."

Kwa masika mawili wamefanya kazi pamoja. Caleb alijua kila mahali ambapo gurudumu linahitaji ardhi iliyo sawa, na kila kona ambapo msukumaji hupumzika. Hapo hapo wakarudisha mawe. Wakahamisha miche mia tatu kutoka ndani ya msitu wenyewe. Zaidi ya nusu ilikauka kiangazi cha kwanza. Wakapanda tena.

Siku hizi wageni huingia bondeni kupitia kijitoni, viatu mkononi, mmoja nyuma ya mwingine, wakikanyaga mawe ili wasiache alama. Kila Jumamosi hutokea mahali tofauti.

"Mama, maji baridi sana haya," analalamika mwanakwaya mmoja.

"Imba basi, upate joto. Lakini kwa moyoni, ndege wasikimbie."

Saa tatu wanafika. Hondohondo wawili wanaruka juu ya vichwa, mabawa yakivuma. Papa Élysée anakataa kuonyeshwa chochote. Anatangulia na fimbo yake, anapekua majani, anarudi, anapekua tena. Evodie anasimama kando, mkono umeshika mkanda wa mfuko. Caleb ameacha utani.

Akiachiwa bonde, Evodie anataka kuwafundisha akina mama sita wa kijijini kuongoza wageni, ili faida ibaki hapa hapa. Anataka pia karatasi yenye muhuri wa chifu. "Nikizeeka," anasema kwa sauti ya chini, "watoto wa huku njo watanishika mukono wanilete nione."

Chifu anasimama. Anamtazama Chancelle, ambaye muda wote amekuwa akihesabu mawe ya kijito.

"Mutoto, macho yangu yamezeeka. Kuja. Nionyeshe baiskeli zilikuwa zinapita wapi."

Chancelle anamwangalia mama yake. Evodie anageuzia macho kijitoni, asimpe ishara. Mtoto anaingia kati ya miche inayomfika kifuani, anaitenga kwa mikono yote miwili, anainama. Anazunguka kisiki kilichoota majani mapya. Anakwenda hadi kwenye mawe makubwa, anarudi, sketi imejaa mbegu za nyasi.

Anamgeukia mzee.

"Papa, hapa hakuna njia."