Nyumba ya Jina la Joviana

Wivu wangu sikuuficha wakati ule na sitauficha leo. Joviana aliuza ndizi sokoni Bukoba na alipanga chumba kwa mzee Bashiri, ukuta mmoja na mimi. Choo chetu kimoja, shida zetu zilezile. Mdogo wake, Benigna, aliolewa na Bwana Rugemalira, mkubwa wa serikali, mwenye nyumba mbili kule ziwani: moja ya kuishi, moja ya kupangisha. Madirisha ya vioo, maji ya bomba ndani! Mtu kama mimi hata angeuza kibanja cha migomba cha baba yake, asingemaliza mwaka kule.

Joviana alimwonea mdogo wake kijicho mpaka akakonda. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia njia ya ziwani, eti ananyoosha miguu. Akirudi hasemi na mtu, anamenya ndizi kwa hasira.

"Mwamvita," aliniambia siku moja, "yule nimembeba mgongoni. Leo nikienda kwake ananikaribisha jikoni."

Likaja Azimio la Arusha. Kiongozi marufuku kuwa na nyumba ya kupangisha, na kuiandikisha kwa mke hakukumsaidia. Wiki ileile Benigna alifika kwetu, mara ya kwanza tangu aolewe, na kuku mkononi.

"Waitu dada," alibembeleza kwa Kihaya, "tunakuomba jina tu."

Nyumba ikaandikwa ya Joviana. Kodi ya mpangaji ikapitia mkononi mwa Joviana, ikaendelea kwenda kwa Benigna kimyakimya.

Hayo Joviana alinieleza baadaye sana. Wakati ule mimi niliona jina tu, na usingizi ukanipaa. Muuza ndizi, mwenzangu wa kugombania choo, ana nyumba ziwani! Nikaacha kumwazima chumvi. Mzee Bashiri naye akampandishia kodi. "Tajiri hawezi kunilipa sawa na Mwamvita," alisema. Joviana akalipa. Angesema ukweli, shemeji yake angepoteza kazi. Aliponyamaza, kila msiba aliambiwa achange kama mwenye majumba, kisha akarudi kulala chini ya bati linalovuja.

Mwaka uliofuata mpangaji wa ziwani alihamishiwa Mwanza. Ufunguo akamkabidhi mwenye nyumba anayemjua, yaani Joviana. Benigna alikwisha kumpata mpangaji mwingine, mfanyabiashara wa Muleba, wa kodi kubwa zaidi. Kabla hajafika, Joviana alijitwika godoro, akanipa mimi sufuria. Nilibeba kwa sababu nilitaka kuiona ile nyumba ndani. Alifungua bomba, akafunga, akafungua tena, akacheka peke yake. Roho iliniuma, acha kabisa.

Benigna alikuja mbio, kilemba kimemlegea.

"Dada, toka! Hii ni nyumba ya mume wangu."

Joviana alikuwa amekwisha kuketi kwenye godoro lake, katikati ya sakafu.

"Ofisi ya TANU iko pale mbele," alisema. "Twende ukawaambie hivyohivyo, nami nitatoka leo hii."

Machozi yalimtoka Benigna. Alitazama kuta, akatazama mlango, kisha akanishika mkono mimi, ambaye hajawahi hata kunisalimia.

"Bi Mwamvita, wewe ni rafiki yake. Sema naye, tafadhali."

Basi nikasema naye.

"Joviana," nikamwuliza, "kile chumba cha nyuma utanipangisha kwa kiasi gani?"