Nilivyong'olewa jino golini na binti yangu, halafu shule ikaniandika mvamizi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Anayetaka ushahidi aje anitazame mdomo.

Nilikuwa nimelala chali golini, mdomo umejaa mchanga na damu, jino la mbele liko kiganjani. Watoto wanarukaruka kushangilia goli. Anayeshangilia kuliko wote ni binti yangu Mwanahawa, darasa la sita. Ndiye aliyepiga.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi nalima korosho na ufuta, kijiji kimoja jirani na Tingi, huku mkoa wa Lindi. Niliishia la nne, makosa ya uandishi mtanisamehe.

Shuleni kwetu akaja mwalimu wa michezo, Hamisi Mnyachi. Kijana, suruali ya kubana, maneno mengi. Akatangaza anaanzisha mpira wa magongo.

Magongo hayapo. Wazazi tukakata matawi ya mkorosho yaliyopinda. Mpira haupo, wakatumia kidaka, kile kinazi kichanga kinachoanguka kabla hakijakua. Kidaka kikikauka, jiwe lina nafuu.

Siku hiyo nilipeleka magongo mengine. Mnyachi akanidaka.

"Shikamoo mzee Selemani. Hebu simama golini kidogo, washambuliaji wangu wapate mtu wa kumlenga."

"Marahaba. Wa kumlenga?"

"Namna ya kusema tu, mzee wangu."

Nikasimama. Tena nikajitapa kwamba enzi zangu nilikuwa kipa. Uongo huo, nilikuwa naokota mipira tu.

Mwanzoni watoto walikuwa wanagusagusa kidaka kwa woga. Mnyachi akapandisha sauti: "Nyie si mnafyeka majani hapa kila wiki? Pigeni kama mnafyeka!"

Wakuu, mtoto wa huku ukimwambia afyeke, mnamjua? Fyekeo linaanzia nyuma ya bega, linapita chini, linaishia juu ya sikio. Na hafyeki peke yake. Wanajipanga mstari, wanasonga pamoja, anayebaki nyuma anazomewa.

Ndivyo walivyonijia. Mstari mmoja, magongo juu, kidaka kimoja.

Nikapiga kelele, "Mwanahawa, mimi baba yako!"

Akajibu huku anakimbia, "Mwalimu kasema tusiangalie sura, tuangalie mpira!"

Kidaka kikapaa. Mengine mmeshayasoma.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja kutoka Lindi mjini anayeujua mchezo. Kuona ile fyekafyeka akashika kichwa. Akawaambia waanze kwa kusukuma, kama wanafagia uwanja. Inama, mikono miwili, gongo lisiachane na mchanga, mpira ubaki chini. Wakishambulia watawanyike, mmoja huku mwingine kule, wapasiane.

Na golini akaweka debe. Debe, wakuu!

Siku moja tu wakaelewa. Binti yangu sasa anafunga magoli mazuri, naumia hata kusema.

Jino silidai. Kinachonikereketa ni kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu, Bi Salma, alisoma daftari la shule mbele ya kijiji kizima: "Mzazi Selemani aliingia uwanjani bila kuitwa, akawavuruga wanafunzi." Hakuniuliza hata neno moja. Aliyeandika ni Mnyachi, naye alikuwa amekaa palepale anakuna kidevu.

Tangu siku hiyo nikipita njiani nasikia, "Mvamizi huyo, ficheni magongo!" Hata mke wangu, nikikaa mkekani kusubiri chai, ananiuliza kama nimeitwa.

Nilichojifunza: ukiombwa kusimama golini, uliza kwanza hao watoto wamefundishwaje kupiga. Wenzangu wenye watoto shuleni, nyie mngefanyaje? Semeni, hata mkinicheka nimeshazoea.

Na wewe Mnyachi, najua umo humu, umejipa jina la kizungu. Usisome ukapita kimya. Andika hapa chini, mbele ya hawa wakuu, halafu ukaseme vilevile mbele ya kijiji:

Nani aliniita golini?